Mkasi Uliobeba Ugumu wa Magoti

Niliamini kwamba goti gumu linaambukiza.

Msicheke bado. Aliyenipa elimu hiyo ni Dismasi, mpishi wa wagonjwa hospitalini kwetu Mpanda, mtu mwenye sauti ya katekista, na sauti ya namna hiyo hata ikisema ndovu anataga mayai utauliza tu yanapatikana wapi. Alikuwa anakoroga uji kwenye sufuria ambayo ndani yake ng'ombe angeweza kuogelea.

"Ukimpima mtu ambaye goti lake limekaza," akasema, "ule ugumu haubaki kwake wote. Unapanda kwenye mkasi wenu wa kupimia, unaingia pale kwenye bawaba, unatulia. Akija wa pili, unamshukia."

"Na wa kwanza anapona?"

"Apone wapi! Ugumu ni kama moto, bwana. Ukiwasha koroboi yako kwa koroboi ya jirani, ya jirani inazimika?"

Hoja ilikuwa imesimama kwa miguu yake yote minne. Na mkumbuke, sikuwa mtu wa kuokotwa njiani. Nilikuwa nimehitimu shule ya jioni. Cheti changu kilikuwa kimebandikwa ukutani, mama anawaleta majirani wakitazame, na foleni yao, naapa, ilifika hadi stesheni ya reli. Mtu mwenye cheti hadanganyiki kwa jambo dogo. Anangoja kubwa.

Nyie vijana mnaosomea tiba ya viungo nimewaona. Mnaweka simu juu ya paja la mgonjwa, namba inatoka yenyewe, mnaandika, mnaita mwingine. Sawa. Lakini miaka ya sabini tulikuwa na chombo kimoja tu, na kwa hesabu zangu za wakati ule hakikuwepo kingine kuanzia Tabora hadi ukutane na maji ya Ziwa Tanganyika. Vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kwa ribiti, na pale penye muungano pana duara lenye mistari kama protrakta ya shule. Unafungua, unafunga. Wagonjwa waliuita mkasi, na wanaume wengi wakiuona kwa mara ya kwanza walibana mapaja kabla sijasema shikamoo.

Mwenye mkasi alikuwa Bwana Hamisi, mkuu wangu, mtu wa Tanga aliyesomea kazi hii vizuri na kuletwa kwetu kwa treni pamoja na kitanda cha mazoezi. Mimi nilikuwa msaidizi. Yeye alikuwa mkimya, mnyoofu, shati limepigwa pasi hata siku ya mvua. Mimi nilikuwa mimi.

Siku ya kwanza nilimpima mgonjwa juu ya blanketi, kwa heshima, asione baridi. Bwana Hamisi akaangalia namba niliyoleta, kisha akaniangalia mimi.

"Umepima blanketi," akasema. "Blanketi halikupata ajali."

Toka siku hiyo nikajifunza. Guso kwanza, chombo baadaye. Tafuta kifundo cha mfupa ubavuni mwa nyonga, kingine ubavuni mwa goti, kingine kwenye kifundo cha mguu. Weka alama ya kalamu. Ribiti ikae kwenye goti, mkono mmoja wa chombo uelekee nyonga, mwingine uelekee chini. Halafu piga goti wewe mwenyewe, jicho lako lilingane na duara. "Ukisoma umesimama," alikuwa anasema, "unasoma kiburi chako." Anza na mguu mzima, ujue Mungu alimpa kiasi gani kabla ya ajali. Kisha mguu mbovu: mwache akunje mwenyewe, uandike, halafu umsaidie kwa mkono wako, uandike tena.

"Namba ya kwanza ni ya mtu," akaniambia. "Namba ya pili ni ya goti. Usizichanganye."

Nilizichanganya mara nyingi. Nilizichanganya hadi kwenye mabega. Kuna mzee mmoja wa Kawajense nilitangaza amepona bega, kainua mkono hadi juu kabisa, nikataka tumpigie makofi. Bwana Hamisi akamsimamisha mzee ameegemeza mgongo ukutani. Mkono ukashuka nusu. Kumbe alikuwa anapinda kiuno kizima kama mti unaoangushwa, mkono unapanda kwa hisani ya mgongo. Mwili wa mgonjwa una hila kuliko wakili, na wala hakusudii.

Sasa nije kwa Leonsi.

Leonsi alikuwa mrina asali wa Mwamkulu. Mizinga yake ya magome aliitundika huko msituni juu ya miti mirefu, na mmoja ndio ulimwangusha, yeye na kamba yake, akavunjika mfupa wa paja karibu na goti. Mfupa uliunga. Goti likagoma. Lilikuwa limekaa ndani ya plasta muda mrefu, misuli imegandamana, na alipofunguliwa mguu ulikuwa umenyooka kama mwiko.

Daktari wa upasuaji hakuwa wa kwetu. Alikuwa anakuja na ndege ndogo, mara chache, anashuka, anaangalia wagonjwa wa mifupa, anaamua, anapaa. Alimwangalia Leonsi na hakumficha.

"Nikirudi," akasema, "nataka goti hili likunje hadi pembe mraba, nyuzi tisini. Likifika, utaenda nyumbani, mazoezi yatamaliza kazi. Lisipofika, nitakupeleka hospitali kubwa nipasue paja niachanishe misuli na mfupa. Wengine wanapata nafuu. Wengine, sikudanganyi, wanarudi goti limekaza zaidi."

"Zaidi mpaka wapi?" Leonsi akauliza.

"Mpaka moja kwa moja."

Leonsi alingoja daktari aondoke. Halafu akaniambia mimi, taratibu, kana kwamba mimi ndiye ninayegawa magoti: "Mguu ulionyooka haupandi mti, Fundi. Mizinga yangu yote iko juu. Chini sina kitu." Mkewe alikuwa na kichanga huko Mwamkulu, yeye amepata hifadhi kwa rafiki yake Kawajense ili awe karibu na kliniki. Kila siku ya kliniki alikuja kwa magongo, wa kwanza kufika, kabla sijafagia.

Kazi tuliifanyia barazani, kwa sababu ndani palikuwa chumba kimoja chenye giza ambamo walishonea majeraha. Kitanda cha mazoezi kilikaa upande huu wa baraza. Benchi la wanaosubiri lilikaa upande ule, linatazamana nacho. Taulo za maji moto juu ya paja, mazoezi, kisha kipimo. Na goti lilikuwa linakuja! Kila kliniki kidogo kidogo, kama mtu anayefungua mlango asiamshe mtoto. Hamsini. Sitini. Sitini na tano. Bwana Hamisi alikuwa akisoma namba anakohoa kidogo, na kikohozi hicho kwake kilikuwa ngoma na vigelegele.

Ndipo akaletwa Bibi Yustina.

Mama mtu mzima wa upande wa Mpimbwe, mkulima wa mpunga. Aliteleza kwenye tuta la jaruba akaangukia bega. Hakuvunjika, lakini mkono haukupanda tena hata kufikia sikio. Alikuwa amefikia kwa mdogo wake karibu na stesheni. Mama mpole, kitenge kichwani, rozari shingoni, akiongea na wewe anatazama vidole vyako vya miguu.

"Baba," akaniambia siku ya kwanza, nami nilikuwa kijana asiye hata na ndevu za kutosha kunyolewa, "mimi unipime mwisho. Wote wakishaondoka."

"Bibi, foleni ni foleni."

"Haya, baba."

Akakaa benchini. Akageuza mgongo, akawa anatazama bustani ya mchicha. Nikasema moyoni, huyu mama anapenda mboga.

Nikamlaza Leonsi. Kaptura za hospitali, vijana, zilikuwa pana kama gunia la mpunga. Ukilala chali ukakunja goti, gunia linafunguka. Nikaweka alama zangu, nikaweka mkasi, nikasema, "Vuta kisigino, Leonsi."

Akavuta kidogo. Akasimama.

"Vuta."

"Nimevuta."

Arobaini.

Nilidhani nimekosea. Nikapangusa alama, nikaanza upya, jicho likalingana na duara hadi kope zikagusa chuma. Arobaini. Nikamsaidia kwa mkono, paja likawa gumu chini ya kiganja changu kama kamba ya kutundikia mzinga. Leonsi alikuwa ameshika kaptura yake kwa mikono miwili, jasho linamtoka.

"Inauma?"

"Hapana." Akanong'ona, "Fundi, hapa pana upepo. Tuingie ndani."

"Ndani hakuna mwanga wa kusomea."

Nikamwita Bibi Yustina. Ili tulione bega, ilibidi ashushe kitenge begani. Hakushusha. Akainua mkono mpaka usawa wa kiuno akasema, "Umegoma hapa." Leonsi alikuwa ameshajikokota na magongo yake mpaka nyuma ya nguzo, ameupa mgongo ulimwengu. Wale wawili hawakusalimiana. Hawakutazamana. Nikajiambia pengine wana ugomvi wa zamani wa shamba, na mambo ya mashamba ya watu mimi siyaingilii.

Kliniki iliyofuata, hivyo hivyo. Arobaini na kidogo. Bwana Hamisi akapima mwenyewe, kwa mkono wake uliosomeshwa. Hivyo hivyo.

"Leonsi, mazoezi nyumbani unafanya?"

"Nafanya, bwana."

"Unakunja?"

"Nakunja. Jana nimekaa kwenye kigoda."

"Kigoda? Sasa mbona hapa hukunji?"

Leonsi akatazama paa. Bwana Hamisi akanitazama mimi, na katika jicho lake niliona kwamba amekwisha kunihesabu miongoni mwa sababu.

Halafu ikaja siku ambayo Bibi Yustina hakufika. Homa. Leonsi akalala kitandani, nikaweka mkasi, nikasema vuta, na goti likaja. Likaja! Themanini na kitu, bila msaada, na yeye anacheka, na mimi nusura niurushe mkasi juu ya bati. Kwa mkono wangu lilifika karibu kabisa na pembe mraba. Nikakimbia kwenda kumwambia Dismasi. Lile lilikuwa kosa, lakini ndio hivyo, habari njema inataka sikio la karibu.

"Leo ulimpima nani kabla yake?" Dismasi akauliza.

"Hakuna. Yeye wa kwanza."

"Na siku anazokaza?"

Nikafikiri. Siku anazokaza, Bibi Yustina alikuwepo barazani. Na Bibi Yustina naye: siku moja Leonsi alipopelekwa kupigwa picha, si aliinua mkono akajifunga kitenge kichwani mwenyewe? Nilimwona! Wakikutana tu, wote chuma.

"Unaona?" Dismasi akasema, akilamba mwiko. "Wanapeana. Mkasi ndio mchukuzi."

Huko nyuma niliisadiki habari ile kama mtu anavyosadiki kwamba Bahari ya Hindi ipo: sikuiona, lakini sina ubishi. Sasa nilikuwa nimeiona kwa namba. Na mjue kitu kimoja kuhusu namba: ukishaamini uongo, namba ndizo mashahidi wake wazuri kuliko wote, maana hazicheki.

Habari ikafika kwamba ndege inakuja.

Kuanzia hapo sikulala kama mtu. Niliuchemsha mkasi. Niliusugua kwa majivu, kwa chumvi, kwa limao, ukang'aa hadi wagonjwa wakataka kujitazamia. Niliuanika juani. Mwishowe nikafikiri kwamba kama ugumu unahama, basi na uhame uende kwa asiye na cha kupoteza. Nikaenda kwenye geti la hospitali, nikaweka ribiti ya mkasi juu ya bawaba ya geti, nikalipima kwa utaratibu wote, likiwa limefunguliwa na likiwa limefungwa. Jioni ile mlinzi akalisukuma likalia kwa uchungu. Nikashukuru Mungu. Geti lile, mjue, lilikuwa linalia tangu kabla sijazaliwa.

Nikarudi na matumaini. Kliniki ya mwisho kabla ya ndege: Leonsi yupo, Bibi Yustina yupo, homa imeisha. Arobaini na tano.

Leonsi akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha mtu wa kamba, kigumu kama kwato.

"Fundi," akanong'ona, macho yake yako kwenye paa. "Siku ya daktari, fanya nipimwe peke yangu."

"Kwa nini?"

Akafungua mdomo. Akatazama kule benchini kwa ncha ya jicho. Akafunga mdomo.

"Fanya tu," akasema.

Nikadhani naye ameshaisikia ile habari ya mkasi. Nikambana mkono nikamwambia, "Najua. Usiseme. Najua yote." Akashangaa, kisha uso ukamfunguka kwa furaha. Maskini. Alienda Kawajense siku ile na magongo yake akiamini kuna mtu mmoja hospitalini anayejua yote.

Siku ya ndege, tuliisikia kabla ya kuiona, inazunguka juu ya mji kama nyigu. Barazani palijaa. Wagonjwa wote wa mifupa walitakiwa wakae benchini, kwa foleni, daktari apite kama mtu anayekagua gwaride. Nilimwendea Bwana Hamisi.

"Mkuu, Leonsi tumpime peke yake."

"Wapi?"

"Ndani."

"Ndani kuna mtu anashonwa mguu. Umeamka vizuri wewe?"

"Basi Bibi Yustina akae mbali."

"Bibi Yustina amekukosea nini?"

Ningemwambia nini mtu wa Tanga mwenye shati la pasi?

Bibi Yustina akakaa mwisho wa benchi, mgongo kwa watu, uso kwa mchicha. Leonsi akalazwa. Daktari akasimama upande wa kichwani, ameshika faili, amechoka kwa safari. Na mimi nikaweka alama zangu tatu kwa kalamu.

"Vuta," nikasema.

Leonsi akanitazama. Macho yale bado nayaona. Yalikuwa yananiuliza: mbona hujafanya?

Akavuta kisigino kidogo, akasimama. Arobaini na tano. Bwana Hamisi akapiga goti, akasoma, akasema namba kwa sauti ya mtu anayesoma jina msibani. Daktari akaweka mkono wake mwenyewe, akasukuma. Paja likakaza. Kaptura ikashikwa kwa mikono miwili.

"Misuli inakataa," daktari akasema. Akanyoosha mgongo. "Basi. Andika aende na mimi leo. Tutapasua."

"Daktari," Leonsi akasema, "nipe nafasi nyingine."

"Nilikupa, ndugu yangu. Nafasi ndiyo hii."

"Nipimeni ndani."

"Goti la ndani na la nje ni lilelile."

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka wenyewe.

"Daktari, si yeye! Ni mkasi!"

Baraza zima likanigeukia. Hata yule anayeshonwa ndani akanyoosha shingo.

"Mkasi gani?" daktari akauliza.

Nikaeleza. Nilieleza yote, vijana: bawaba, koroboi ya jirani, limao, geti. Nilieleza kwa ufasaha ambao shule ya jioni ingejivunia. Mtu mmoja mwenye mkono uliofungwa bendeji alianza kucheka, akashika mbavu kwa mkono mzima. Benchi likafuata. Bwana Hamisi alifumba macho kama mtu anayesali, na sidhani alikuwa ananiombea mema.

Daktari hakucheka. Alikuwa anatazama saa.

"Kijana, rubani ananisubiri. Mgonjwa huyu anakwenda kupasuliwa paja, unaelewa? Lete sababu au kaa kando."

"Sababu ni yule mama!" nikasema, nikinyoosha kidole. "Akiwa hapa goti halikunji. Hakuwepo, likakunja karibu pembe mraba. Nimepima kwa mkono huu. Wanapeana ugumu!"

Kicheko kikapanda hadi kwenye bati. Leonsi akavuta shuka akajifunika uso. Na Bibi Yustina, ambaye tangu aje kwetu sikuwahi kumwona akigeuka, aligeuka nusu. Hakutazama kitandani. Alitazama vidole vya miguu vya daktari.

"Baba," akasema, "nimesikia anapasuliwa?"

"Ndiyo, mama. Tusipopata goti."

Zamu yake ilikuwa inafuata. Alikuwa ameingojea ndege hiyo kama wengine wote, na bega lake lilikuwa halijatazamwa na mtaalamu hata mara moja. Akainuka. Akakusanya kitenge chake kwa mkono mzima, akapita nyuma ya watu akiwa ameinamisha kichwa, akashuka ngazi za baraza, akazunguka jengo, akapotelea upande wa jikoni.

"Mama, unaondoka?" Bwana Hamisi akaita. "Ukitoka umepoteza nafasi!"



Nikatazama mkasi mkononi mwangu. Nikautazama mguu. Bila kuambiwa na mtu nikapiga goti, nikaweka ribiti mahali pake.

"Vuta, Leonsi."

Shuka likatoka usoni. Akatazama benchi. Akaachia kaptura. Akavuta kisigino, na goti likapanda, likapanda, mishipa ya shingo imemtoka, likapita hamsini, likapita sabini, na kicheko cha benchi kikawa kinakufa mtu mmoja mmoja. Nilikuwa sisomi, nilikuwa naogopa kusoma. Bwana Hamisi ndiye aliyeshuka chini na suruali yake ya pasi, akaweka jicho.

"Themanini na nane," akasema. Akaweka kiganja, akasaidia polepole. "Tisini. Na bado lina nafasi."

Daktari akapiga goti naye. Akasoma mwenyewe. Akaushika mguu, akaukunja, akaunyoosha, akaukunja. Hakuna kilichokaza. Akafuta kitu kwenye faili.

"Nenda nyumbani, ndugu yangu," akasema. "Mizinga isubiri kwanza goti likomae." Kisha akanigeukia. "Na wewe, nenda kamrudishe yule mama upesi. Ndege haina subira."

Nilikimbia. Ningekuambieni nilikimbia kama swala mngenikatalia, basi nilikimbia kama swala wawili. Nilikuwa na furaha, na hofu, na ushindi: nilikuwa nimethibitisha! Mbele ya daktari, mbele ya Bwana Hamisi, mbele ya mashahidi wenye bendeji. Mama kaondoka na ugumu wake, goti likafunguka. Nilikuwa tayari ninafikiria cheti cha pili ukutani.

Nilimkuta jikoni kwa Dismasi, amekaa juu ya gogo la kuni, na Dismasi amempa uji kwenye kikombe cha bati. Alikuwa amekishika kwa mkono ule mbovu. Amekiinua hadi mdomoni.

"Bibi!" nikasema, pumzi zinanikata. "Daktari anakuita. Bibi, umeondoka nao wote?"

"Amekunja?" akauliza.

"Amekunja! Pembe mraba! Hapasuliwi!"

Akashusha kikombe. Akafanya ishara ya msalaba.

"Lakini Bibi, ule ugumu wake," nikasema, "umeupokea begani au umeumwaga njiani? Niambie, Dismasi naye asikie."

Bibi Yustina akainua macho kutoka kwenye vidole vyangu vya miguu, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni, kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani aliyevaa shati ndani nje.

"Ugumu gani, baba? Mkasi wenu hauna kosa lolote. Yule mwanamume amemwoa binti yangu. Mbele ya mkwewe atapanuaje mapaja? Na mimi nitavuaje bega mbele yake? Kamtoe yeye kwanza barazani, ndipo nije niinue mkono."